Milimita Mbili na Nusu

Watu wanaobeba bastola kazini huko Marekani wana ugomvi usiokwisha, na ugomvi wenyewe ni wa milimita 2.5. Hiyo ndiyo tofauti ya unene kati ya risasi ya milimita 9 na ile kubwa ya kaliba 45 wanayoiita fotifaivu, yenye kipenyo cha karibu milimita 11.5. Ukichukua rula ya mtoto wa shule utaona ni kitu cha kutafuta kwa macho. Lakini nimeshuhudia watu wazima wenye wajukuu wakinuniana kwa ajili yake. Wamejipatia hata mzaha wa kufungia mjadala: ukimuuliza mmoja wao kwa nini anabeba 45, atakujibu ni kwa sababu hakuna 46.

Nilifanya kazi ya ulinzi wa silaha Houston, Texas, ile ya kusindikiza fedha za maduka hadi benki. Kwetu Tanzania mlinzi wa kampuni hukabidhiwa silaha ya lindo, mara nyingi shotigani iliyochakaa kuliko viatu vyake, na zamu ikiisha anairudisha. Kule tulikokuwa, kila mtu aliachiwa anunue bastola yake, alimradi iwe ya ukubwa unaokubalika na afuzu nayo kwenye uwanja wa shabaha. Ukishaachiwa kuchagua ndipo unapoanza kujuana na hofu yako. Bastola ndogo ukiitazama pale dukani unajiona kama utakwenda kazini mikono mitupu. Kubwa ukiishika unajisikia mtu. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana hasemi mengi.

Imani ya risasi kubwa ina ukoo wake. Marekani ilipoichukua Ufilipino kutoka kwa Wahispania, jeshi lake likapambana na Wamoro, Waislamu wa visiwa vya kusini. Askari walilalamika kwamba bastola zao za kaliba 38 hazimsimamishi mtu: Mmoro anapigwa, anaendelea kuja na panga lake hadi anamfikia aliyempiga. Mwaka 1904 ofisa wa silaha John Thompson, ambaye baadaye jina lake lilipewa bunduki maarufu ya rashasha, pamoja na daktari wa jeshi Louis LaGarde walikwenda kwenye machinjio ya Chicago, wakawapiga ng'ombe hai risasi za ukubwa mbalimbali na kuandika kila mmoja alichukua muda gani kuanguka. Maiti za binadamu nazo zilifanyiwa majaribio. Wakahitimisha kwamba bastola ya jeshi isipungue kaliba 45. Mwaka 1911 ikapitishwa ile bastola ya Colt iliyobuniwa na John Browning, na jeshi likaishi nayo hadi mwaka 1985 lilipochagua Beretta ya milimita 9.

Nikisoma habari hiyo siwezi kujizuia kumfikiria aliyesimama upande wa pili wa mtutu. Mwaka mmoja tu baada ya ng'ombe wa Chicago, Vita vya Maji Maji vililipuka kusini mwa nchi yetu, na watu wakazikabili bunduki za Wajerumani wakiamini risasi zitageuka maji. Mkoloni, wa huku au wa kule, alitaka kujua risasi ina kasoro gani mpaka huyu haanguki. Kuuliza huyu ana nini mpaka haogopi, hilo halikuwa kazi ya machinjio.

Swali lile lile lilirudi Miami asubuhi ya Aprili 11, 1986. Wapelelezi 8 wa FBI walilibana gari la majambazi wawili, Michael Platt na William Matix. Katika dakika za mwanzo mpelelezi Jerry Dove alimpiga Platt kwa risasi ya milimita 9. Ikapenya mkononi, ikaingia kifuani, ikasimama kama inchi moja kabla ya kuufikia moyo. Jeraha lile lingemuua, ila si wakati huo. Platt aliendelea kupigana kwa bunduki ndefu, akawaua Dove na mwenzake Benjamin Grogan. Wapelelezi wengine 5 walijeruhiwa. Aliyemaliza mapambano ni Edmundo Mireles, mkono mmoja umevunjwa na risasi, akiikoki shotigani kwa mkono uliobaki, kisha akainuka na kwenda na bastola yake hadi kwenye gari walimokuwa majambazi wale. Walipopimwa, majambazi hawakukutwa na dawa za kulevya mwilini. Walikuwa wamekataa tu kufa.

FBI ilipokaa kutafuta sababu, lawama kubwa ilitupiwa ile risasi iliyoishia njiani. Sababu nyingine zilikuwepo tele. Bastola zilikuwa zinashindana na bunduki ndefu. Magari yalipogongana, mpelelezi mmoja silaha yake ilimponyoka. Mwingine alijeruhiwa mkono, akashindwa kuijaza upya bastola yake. Lakini mipango ina walioipanga, na walioipanga wana vyeo. Risasi haina wakili.

Basi ukaanza msafara wa kutafuta risasi kubwa. Wataalamu waliweka kipimo kwamba ipenye walau inchi 12 ndani ya jelatini iliyotengenezwa kufanana na nyama ya mwili, kipimo ambacho kwa kweli kilikuwa na busara na kinatumika hadi leo. Mwaka 1990 wapelelezi wakapewa bastola ya milimita 10, Smith & Wesson 1076, zaidi ya kilo moja ya chuma. Ilikuwa nzito, pana mkononi, na teke lake lilikuwa kali kiasi kwamba FBI wenyewe walikuwa wameagiza risasi zake zipunguzwe nguvu. Ukishaipunguza nguvu, ganda refu lile la risasi linabaki na nafasi ya bure, na mwaka huo huo viwanda vikatoa ganda fupi zaidi, kaliba 40. FBI wakahamia huko mwaka 1997. Halafu mwaka 2014 idara yao ya mafunzo ikaandika kwamba risasi za kisasa za milimita 9 zinapenya vya kutosha, kwamba wapelelezi wengi hupiga kwa haraka na kwa usahihi zaidi nazo, na kwamba magazini hubeba nyingi zaidi. Mwaka 2016 wakasaini mkataba wa bastola za Glock za milimita 9. Miaka 30 tangu Miami, wako pale pale walipoanzia, ingawa risasi yenyewe sasa imetengenezwa vizuri zaidi.

Siwacheki. Aliyezika wenzake ana haki ya kutaka jibu linaloshikika mkononi. Ila nimeona taasisi hufanya kama tunavyofanya sisi: ikishaumia mahali, inajiandaa kwa maumivu yale yale, mahali pale pale, na maandalizi hayo inayabeba kila siku hata siku ambazo hakuna chochote kinachofanana na ile. Na siku hizo ndizo nyingi. Utafiti wa kituo cha Pew wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba polisi wa Marekani waliowahi kufyatua risasi kazini, nje ya mazoezi, ni kama robo tu. Uchunguzi uliofanywa na taasisi ya utafiti ya RAND kwa polisi wa New York ulikuta kwamba kati ya mwaka 1998 na 2006, pale walipokuwa wakirushiana risasi na mtu, ni risasi 18 tu katika kila 100 zilizompata. Hebu lipime hilo na ugomvi wa milimita 2.5. Risasi 82 zimekwenda kwenye kuta, kwenye magari, Mungu ajuaye wapi, nasi tunabishana juu ya unene wake.

Uwanja wa shabaha ndio ulioniamulia. Pale unaweza kukodi bastola kabla ya kununua, na mimi nilikodi zote mbili. Fotifaivu haipigi kwa ukali kama watu wanavyodhani. Inasukuma, mtutu unapanda, viganja vinafunguka kidogo, na unapaswa kuukusanya mkono upya kabla ya kupiga tena. Risasi yangu ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili ilitoka kwenye duara, ya tatu ikaifuata ya pili. Vidole vyangu ni vifupi. Ili niifikie triga vizuri ilibidi niuzungushe mshiko mpaka mfupa wa kidole gumba ndio ukawa unapokea teke lote. Mwenzangu mmoja wa kazini, Mkongomani wa Bukavu aliyepita kambini kabla ya kuletwa Texas, aliipokea, akaipima kiganjani kidogo, akanirudishia. "Kaka, hii iko muzito bure," akasema, akaenda zake kununua kahawa. Huyo hakuwa mtu wa kufundishwa bunduki inafanya nini.

Nikanunua ya milimita 9. Mkufunzi wetu, mzee mmoja polisi mstaafu wa madhehebu ya fotifaivu, alitikisa kichwa, akaniambia nilete risasi nyingi za mazoezi basi, kwa kuwa ni za bei nafuu. Huo ulikuwa ushauri bora kuliko yote aliyonipa.

Mambo yaliyobaki hayaandikwi kwenye boksi la bastola. Mkanda wenye bastola, magazini mbili za akiba, pingu, redio na dawa ya kupulizia machoni unakula mfupa wa nyonga. Kuingia na kutoka kwenye gari kunakuwa ufundi. Chooni ndiyo usiseme, maana unapaswa kuamua silaha utaiweka wapi kabla hujafungua kitu chochote, na wapo waliozisahau humo. Kwenye foleni ya dukani unasimama kwa ubavu, kiwiko kikiilinda ala, kwa sababu bastola ya kwanza inayoweza kukuua ni hiyo yako. Nyumbani kuna kisanduku cha kufuli, na mke wangu alitaka kuona kwa macho yake kikifungwa kila jioni. Alikuwa na haki.

Lakini uzito ambao sikuutarajia ni wa ulimi. Kijana mmoja aliwahi kunitukana kwenye kituo cha mafuta kwa kuwa nilimziba njia, matusi ya mama yale yale unayoyajua, ila kwa Kiingereza. Bila bastola pengine ningemjibu. Mimi ni mtu wa Tanga, maneno sikosi. Nikiwa nayo kiunoni nilisema samahani na kuondoa gari, maana kila ugomvi unaouingia ukiwa na silaha ni ugomvi ambao tayari una silaha ndani yake. Nilimeza mengi miaka ile. Madereva walionikata njia, meneja wa duka aliyeniita kwa kidole, wote walipata upole ambao ndugu zangu wa damu hawajawahi kuupata. Na hilo halitegemei kaliba hata kidogo.

Juzi kijana wa nyumbani, aliyepata kibali cha kazi hiyo hiyo huko Houston, alinipigia simu.

"Shikamoo kaka. Ninunue ipi?"

Nikamuuliza viganja vyake vikoje, atakuwa anakaa kwenye gari saa ngapi kwa siku, nyumbani kuna watoto, na je, hasira zake zikoje siku hizi. Nikamwambia aanze na mkanda mzuri, mgumu, wa ngozi ya tabaka mbili, kwa sababu mkanda laini utamlaza na maumivu ya mgongo kabla ya mwezi kwisha. Alinisikiliza kwa adabu yote. Kisha akanitumia picha: amenunua fotifaivu, ya chuma kitupu, inang'aa. Mkanda, akasema, atanunua mshahara ukitoka.