Wanawake wa Ziwani: Kutoka Siwindhe hadi Riwaya

Kabla ya shule za misheni kuenea katika mwambao wa Ziwa Victoria, mambo ya kale ya Wajaluo yalifundishwa usiku katika siwindhe, nyumba ambamo ajuza aitwaye pim aliwalea watoto kwa hadithi, vitendawili na habari za koo. Utawala wa kikoloni ulipoweka makao Kisumu, kumbukumbu rasmi zikawa za majalada. Humo waliandikwa machifu, walipa kodi na vibarua. Mwanamke alitajwa kwa nadra, tena kama mke au binti wa fulani.

Waandishi waliotaka kumfufua mwanamke huyo ilibidi waanzie kwa bibi zao. Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930 na kusomea uuguzi na ukunga, alikulia kwenye hadithi za bibi yake. Katika "The Rain Came", iliyomo katika mkusanyiko wa Land Without Thunder (1968), alichukua kisa cha Oganda, binti wa chifu anayetolewa kafara kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe, akakisimulia kwa sehemu kubwa kwa jicho la binti mwenyewe. Oganda anapowaona jamaa zake wakimteta, anadhani ni habari za posa.

Margaret Ogola, daktari wa watoto aliyezaliwa mwaka 1958, aliisogelea historia zaidi. The River and the Source (1994) ilichipuka katika masimulizi ya mama yake kuhusu wanawake wa ukoo. Humo Akoko, aliyetolewa mahari ya ng'ombe 30, anafiwa na mumewe, chifu, na wana wawili. Shemeji anapojitwalia uchifu, mjane huyo anafunga safari hadi Kisumu kumshtaki kwa serikali. Kitabu hicho kilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1995, kisha kikatahiniwa katika shule za upili.

Marjorie Oludhe Macgoye, Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1954 na kuolewa na Mjaluo, aliandika habari za kizazi kilichofuata. Paulina wa Coming to Birth (1986) anasafiri kwa gari moshi kutoka Kisumu mwaka 1956 kumfuata mumewe Nairobi. Mwaka 1969 mwanawe anapigwa risasi Kisumu, siku ya ziara ya Rais Kenyatta iliyomwaga damu kweli.

Majalada humpa mwandishi mwaka na mahali. Sababu na uchungu huvipata kwa bibi. Anayekusudia riwaya ya namna hii na aanze kwa kuwahoji wazee wa kwao: nani aliolewa wapi, kwa mahari gani, na alihama kwa nini. Nyaraka zitasubiri; wazee hawatasubiri.