Nzi Wasioruka

Mpwa wangu alikuja kunisaidia kupanga kabati, akakuta mkebe bapa wa bati uliowahi kuwa wa sigara. Akaufungua, akachomoa kitu chekundu chenye mabawa meupe, akakipeleka sikioni na kujitazama kwenye simu. "Shangazi, hizi hereni ulizinunua wapi?" Nikamwambia akiweke chini kabla hakijamchoma. Ilikuwa ndoana namba 10, nzi wa bandia anayeitwa Royal Coachman, na ncha yake bado ni kali. Huyu binti amezaliwa Nyeri, shule yake ya upili haiko mbali na Mto Chania, chuoni anasomea mambo ya mazingira, na hajawahi kusikia kwamba kuna watu wanaovua samaki kwa manyoya ya jogoo. Nilipomweleza alicheka. Nilipomwambia kwamba kazi ya kufunga nzi hao ndiyo iliyomsomesha baba yake, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama bado inalipa.

Basi nianze na Guka, babu yangu, kwa maana yeye ndiye aliyeanza.

Guka alikuwa mbeba wavu kwenye Mto Thego. Wazungu waliokuja kuvua walihitaji mtu wa kuwabebea kikapu, wavu na chai, mtu wa kujua kivuko na kuwaonyesha palipo na shimo la maji. Samaki wenyewe si wa kwetu. Vitabu vinasema mayai ya trauti yaliletwa mwaka 1905 kutoka Loch Leven kule Scotland, na Ewart Grogan, yule aliyevuka Afrika kutoka kusini hadi kaskazini kwa miguu, yakawekwa katika Mto Gura, Nyandarua. Guka alikuwa na hesabu yake, akihesabu kwa rika na kwa miaka ya njaa, na kila nilipoilinganisha na ya vitabu haikukubaliana. Nimeacha kulinganisha. Huyo wa kwanza ni trauti wa kahawia. Yule mwenye mstari wa waridi ubavuni alifuata baadaye, na kituo cha kuwazalisha kikajengwa Kiganjo mwaka 1948. Tarehe hiyo haina ubishi.

Nyumbani samaki huyo hakuingia. Cucu, nyanya yangu, hakutaka kumwona karibu na vyungu vyake. Wazee wetu hawakula samaki, na hakuona sababu ya kuanza kwa ajili ya kiumbe kilicholetwa ndani ya ndoo. Guka alipopewa mmoja wa asante alimchoma kichakani, akamla peke yake, akanawa mikono mara mbili kabla ya kubisha mlango. Leo watu wanatoka Nairobi wakipanda hadi Burguret kumla trauti juu ya mkuyu mkubwa kwenye mgahawa wa Trout Tree, wakipigwa picha na mifupa kwenye sahani. Cucu angeomba maji ya kunywa.

Vifaa vya wakati ule ndivyo ninavyovikumbuka zaidi, kwa sababu Guka alivitunza kama mtu anayetunza ndama wa jirani. Fimbo ilikuwa ya mwanzi, si mwanzi mzima bali vipande sita vyembamba vyenye pembe tatu vilivyogundishwa pamoja hadi usione kiungo. Mshipi ulikuwa wa hariri. Hariri ikilowa inazama, na ikiachwa imelowa inaoza, kwa hiyo kila jioni Guka aliutoa wote, akauzungusha kwenye migongo ya viti barazani ukauke, na asubuhi akaupaka mafuta tena kwa kitambaa. Ule uzi mwangavu wa mwisho, anakofungwa nzi, ulitokana na tumbo la kiwavi wa hariri. Ukiwa mkavu ulikatika kama tambi. Ilibidi ulale ndani ya kitambaa chenye maji kabla ya kufungwa fundo. Nailoni ilipokuja baada ya vita, Guka alisema wazungu wamekuwa wavivu.

Hakuna aliyemfundisha kurusha. Aliwatazama, na walipolala baada ya chakula cha mchana akajaribu. Ndivyo alivyokuja kunifundisha mimi, msichana, jambo ambalo Cucu alilikataza na yeye akajifanya hakusikia. Alinipa gunzi la mahindi nilibane kati ya kiwiko na mbavu. Likianguka, nimekosea, kwa sababu mkono unaorusha kwa bega zima unaupasua mshipi hewani badala ya kuunyoosha. Katika uvuvi wa kawaida chubwi ndilo linalovuta mshipi kwenda majini. Hapa nzi hana uzito wowote. Mshipi ndio mzito, nao ndio unaombeba. Kwa hiyo unauinua juu na nyuma, fimbo ikipita sikio kidogo unasimama, unangoja mshipi unyooke mgongoni pako mahali usipopaona, ndipo unapeleka mbele. Kungoja huko ndiko kunakowashinda wanaoanza. Wanachapa kama wanaofukuza ng'ombe, wanasikia mlio nyuma yao, wanadhani ni ishara ya nguvu, kumbe nzi amekatika.

Somo la pili lilikuwa mawe. Kabla hajafungua kisanduku cha nzi Guka aliingia majini, akageuza jiwe, akatazama chini yake. Wale wadudu wachanga wanaong'ang'ania jiwe, wengi wao weusi au wa kahawia iliyoiva, ndio chakula halisi cha trauti kwa siku nyingi za mwaka; wale wenye mabawa juu ya maji ni sherehe ya saa moja jioni. Ndiyo maana kwenye mito yetu nzi mweusi anayezama, kama yule waliyemwita Kenya Bug, aliwapita wale wa kupendeza macho. Unamrusha kuvuka mto, ukielekea chini kidogo, unaacha maji yamzungushe mpaka anyooke, na mara nyingi samaki anamchukua pale pale anapogeuka. Wa kuelea ni kinyume: unasimama chini, unarusha juu, kwa kuwa samaki hukaa ameuelekea mkondo na mgongo wake uko kwako. Guka alisema umwendee kama mwenye deni anayepita nyuma ya duka.

Miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, mnaijua. Kuhusu miaka hiyo alinisimulia jambo moja tu: kwamba trauti walinenepa sana, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kukaa kando ya mto msituni.

Mimi nilikwenda Nairobi kufunga nzi. Nilikuwa nikisema ni mwaka 1979, lakini karatasi ya malipo niliyoikuta kabatini pamoja na huo mkebe inasema 1981, na karatasi haina sababu ya kudanganya. Ilikuwa karakana ndefu yenye madirisha mapana upande wa mashariki, maana kazi hii inataka mwanga. Meza zilipangwa safu, na kwenye ukingo wa kila meza jiriwa ndogo ya kubana ndoana. Karibu sote tulikuwa wanawake. Tulifunga kwa dazeni na kulipwa kwa dazeni, na nzi wetu walikwenda Uingereza na Marekani kwa watu ambao hatukuwajua na wala wao hawakujua kwamba tupo.

Ukifungua mlango, kabla hujaona mtu, ulipigwa na harufu. Vanishi kwanza, kali, ya kuumiza macho. Chini yake vidonge vya kufukuza nondo, maana ghala lote lilikuwa ngozi za shingo za jogoo, mikia, mabawa. Na chini kabisa, siku za kutia rangi, siki ikichemka na manyoya kwenye sufuria kubwa nyuma. Harufu hiyo iliingia kwenye nywele na ndani ya basi watu walisogea. Miaka mingi baadaye nikipita duka la fanicha linalopaka vanishi, vidole vyangu bado vinajikunja vyenyewe kutafuta uzi.

Msimamizi wetu tulimwita Mama Mkasi, si mbele yake. Alikuwa mfupi, miwani imefungwa kwa kamba ya viatu, na mkasi wake ulikuwa umevaliwa kwenye kidole cha pete muda wote, hata akila, hata akisali. Tulisema amefunga nao ndoa. Hakuwahi kuvua samaki hata mmoja. Nilimwuliza siku moja kama amewahi kuona mto wenye trauti akasema ameona picha kwenye kalenda. Lakini alijua nzi anayefaa kuliko Guka, na Guka alijua nzi anayefaa kuliko waliomwajiri.

Kwanza alipima unyoya. Aliupinda kuzunguka shina la ndoana, nyuzinyuzi zikasimama, akatazama urefu wake dhidi ya upana wa mdomo wa ndoana. Ziwe mara moja na nusu, basi. Zikizidi, nzi anaanguka kifudifudi. Unyoya wa jogoo ni mgumu, unaelea. Wa tetea ni laini, unalowa na kuzama na kutikisika kama miguu. Ukichanganya viwili hivyo alijua hata kabla hujainua kichwa. Kisha alimdondosha nzi mezani. Wa kuelea alipaswa kutua wima, amesimama kwa mkia na ncha za unyoya, mabawa juu. Akitua ubavu mara mbili, wembe. Mwisho alichukua sindano na kupeleka kwenye tundu la ndoana. Tone moja la vanishi likiwa limeziba tundu, dazeni nzima ilirudi. "Mtu ameamka saa kumi za usiku," alisema, "vidole vimekufa ganzi kwa baridi, anatafuta tundu halipo. Atakutukana wewe? Atakutukana bila kukujua, na laana ya asiyekujua haiondoki." Wembe ulipita, manyoya yakaanguka, ndoana zikarudi sandukuni, na malipo ya dazeni hiyo yakapotea. Tulimchukia kila Ijumaa.

Kutoka kwake nilijifunza pia majina. Adams, wa kijivu, alibuniwa na Len Halladay huko Michigan mwaka 1922, na Adams ni rafiki aliyemjaribu. Pheasant Tail ni wa Frank Sawyer, mlinzi wa Mto Avon, Uingereza, aliyeacha uzi kabisa akafunga kwa waya mwembamba wa shaba ili nzi azame haraka. Huyo nilimfungia Guka nikienda likizo, kwa shaba niliyofungua kwenye redio mbovu. Alimvulia samaki siku hiyo hiyo. Akaniuliza mzungu huyo alikuwa mtu wa cheo gani. Nikamjibu kwamba alikuwa mtunza mto tu, mwenye buti. Guka alifurahi kupita nilivyotarajia.

Agosti ya 1982 tulikaa siku kadhaa bila kwenda kazini, kwa sababu ya jaribio la kupindua serikali. Tuliporudi, nondo walikuwa wameingia kwenye ngozi za jogoo, zile nzuri za madoadoa ya kijivu, na unga wao umejaa kwenye droo. Nimeona watu wakilia kwa mengi mwaka ule. Mama Mkasi alilia kwa hilo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Guka alifariki. Manyoya bora yakaanza kutoka kwa kuku waliozalishwa Marekani kwa ajili hiyo tu, marefu, membamba, kila unyoya sawa na mwenzake. Zikaja shanga za shaba na za tungsteni za kichwani, mipira ya povu, gundi inayokauka kwa taa ya buluu. Wanunuzi wakagundua Thailand, Sri Lanka na China, bei ya dazeni ikashuka, meza zikapungua safu moja baada ya nyingine, nami nikaondoka nikafungua duka la vitambaa. Bado kuna karakana Kenya zinazofunga nzi wazuri kabisa kwa ajili ya ulimwengu, sisemi yamekwisha. Mwaka 2010 mjukuu wa malkia wa Uingereza alimchumbia mwenzake kule Rutundu, penye ziwa la trauti juu ya Mlima Kenya, magazeti yakaandika kuhusu pete, na mimi nikabaki nikijiuliza walitumia nzi gani.

Kinachoniudhi ni mito. Trauti anataka maji baridi yenye hewa. Yakipita nyuzi 20 anaanza kuhangaika, na anataga kwenye kokoto safi, si kwenye tope. Nimepita Thego na vijito vyake: mabomba kila kona, mikaratusi imepandwa hadi ukingoni, mashamba yamelimwa mpaka maji yanapoanza. Wakati wa kiangazi kuna mahali Guka aliponibeba mgongoni ambapo leo ningevuka kwa viatu vya kanisani. 

Mpwa wangu sasa anataka kuvua. Sikumshauri, alijiamulia, akaagiza mtandaoni bila kuniuliza. Fimbo iliyokuja ni ya futi 9, mshipi namba 8, kifaa cha samoni au cha samaki wa baharini. Kwenye vichaka vyetu inatosha ya futi 7 au 8 na mshipi namba 4. Ndani kulikuwa na kisanduku cha nzi, wengi, wa rangi zote za harusi. Nilivaa miwani. Unyoya mrefu mno, mkia umepinda, na matundu yamezibwa na vanishi karibu yote. Nikamwambia adai pesa zake. Wamemjibu kwamba muda wa kurudisha bidhaa umekwisha, kwa hiyo jioni hizi nakaa na sindano nikizibua matundu ya mtu mwingine, na nimemtuma atafute jiriwa, wembe na ngozi moja ya jogoo. Jumamosi tunakwenda Kiganjo kuuliza habari za leseni.