Plagi Nyeusi ni Shahidi, si Mkosa

Siku hizi si ajabu kuikuta katika nyumba zetu, kando ya baiskeli na cherehani, pikipiki ndogo ya kijana, ile ya matairi yenye meno, inayochezewa viwanjani na katika njia za vumbi. Baadhi ya wazee huichukia kabisa, na wengine huinunua wao wenyewe. Leo hatukusudii kuamua baina yao. Khabari tunayoileta ni ya haki ndani ya nyumba. Pikipiki hiyo ikizimika, na plagi yake ikatolewa ikaonekana nyeusi, wa kwanza kushitakiwa huwa ni mtoto, na mara nyingi mtoto hana hatia.

Jambo hili tumelishuhudia hapa Lushoto. Kijana wa miaka 13, mwanafunzi wetu wa chuoni, alipewa na mjomba wake aliyekuwa akifanya kazi Maskat pikipiki ya mipigo miwili, ya aina ambayo petroli yake huchanganywa na oili kwa mkono kabla ya kutiwa tangini. Alipokuwa Tanga kwa bibi yake aliiendesha karibu mwaka mzima kwa plagi moja. Wazazi wake walipohamia huku milimani, plagi 4 zilikufa katika mwezi mmoja. Baba yake akakata hukumu: mtoto anamimina oili ovyo, tena akiulizwa anasema uongo. Akaifunga pikipiki kwa mnyororo na kutangaza kwamba anatafuta mnunuzi.

Ile pikipiki ingeuzwa, wala tusingejali sana. Lakini neno "mwongo" likikwisha kumkalia kijana wa umri ule, halimtoki upesi. Alitungoja baada ya somo, akasema, "Maalim, wallahi sikuzidisha oili." Tukamwambia, "Usiape, mwanangu. Kalete plagi."

Wasomaji wetu wajue kwamba sisi si mafundi wa cheti. Ila tumepanda pikipiki za mipigo miwili kwa zaidi ya miaka 20 katika milima hii, na mwenye kupanda pikipiki ya namna hiyo hulazimika kujifunza kusoma plagi, apende asipende.

Kijana alikuwa amezihifadhi zote 4 katika kopo la maziwa. Tukazipanga juu ya gazeti mbele ya baba yake. Plagi nzima, iliyofanya kazi katika injini yenye afya, hutoka na rangi ya hudhurungi, mfano wa chai ya maziwa, katika ile kauri inayozunguka ncha yake. Ikiwa na masizi makavu kama ya chungu cha kuni, basi petroli imezidi na hewa imepungua, au cheche ni dhaifu. Ikiwa imelowa na yanuka petroli, injini imemeza mafuta. Ikiwa imelowa kwa weusi mzito unaong'aa na kuteleza vidoleni, hapo ndipo oili hushukiwa. Nayo ikitoka nyeupe kama chokaa, furaha isiwepo, kwa kuwa hewa imezidi, injini inachemka kupita kiasi, na pistoni yaweza kuyeyuka au kukwama ndani ya silinda. Weusi hugharimu plagi. Weupe hugharimu injini.

Zile plagi 3 zilikuwa na masizi makavu, na ya nne imelowa petroli. Hakuna hata moja iliyokuwa na utelezi wa oili. Tukamwuliza kijana alivyopima. Akaleta chupa ya zamani ya kunyonyeshea ya mdogo wake, yenye alama za mililita, akatueleza kwamba kwa kila lita 5 za petroli hutia mililita 125 za oili ya 2T. Hiyo ni sehemu moja kwa 40, na ndivyo alivyoagizwa na mjomba wake. (Chupa hiyo tuliamuru itobolewe isirudi jikoni tena. Na kwa kuwa tumefika hapo: petroli isiwekwe kabisa katika chupa ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi wala hanusi.)

Mzee akasema, "Kama si oili, maalim, ni nini? Tanga haikuwa hivi." Naye kwa kusema hivyo alikuwa amekwisha kugusa jibu.

Tanga iko usawa wa bahari. Lushoto iko juu kiasi cha mita 1,400. Kadiri mtu apandavyo ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi; hatta tukihesabu baridi ya huku, ambayo huikaza hewa kidogo, pumzi moja ya injini hapa hupata hewa pungufu kwa kadiri ya sehemu moja katika nane kuliko pumzi ile ile kule pwani. Kabureta haina akili ya kujua kwamba imehama. Vile vitundu vyake vya shaba, ambavyo mafundi huviita jeti, ni vile vile, nayo hupitisha petroli takriban kama ilivyozoea. Basi petroli ikabaki nyingi na hewa ikawa chache, na kisichopata hewa ya kuungua nayo hugeuka masizi.

Yako na mengine yaliyosaidia. Plagi hujisafisha yenyewe kwa kuunguza masizi, lakini kazi hiyo haiwezi mpaka ncha yake ifike joto la nyuzi 450 au 500 hivi za Selsiasi. Mama wa kijana, kwa khofu yake ya haki, alikuwa amemkataza kwenda kasi, basi mtoto akawa anazunguka uwanja polepole, injini haipati moto wa kutosha. Tena asubuhi za huku ni za baridi, naye alikuwa akivuta choki na kuiacha wazi muda mrefu, jambo ambalo Tanga hakulihitaji. Hakuna katika hayo lililo uongo wala utundu.

Tulianza kwa yasiyogharimu kitu. Kichujio cha hewa, kile cha sponji, kilikuwa kimejaa vumbi. Tukakiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, tukakikausha kivulini, tukakipaka oili kidogo na kukikamua. Kichujio kilichoziba hufanya kazi ile ile ya choki iliyovutwa, na mtu aweza kununua plagi mwaka mzima asikitazame. Kisha tukafungua bakuli la chini la kabureta. Pikipiki ilikuwa imesafirishwa kutoka Tanga ikiwa imelazwa kwa ubavu juu ya gari, na koki ya mafuta haikufungwa. Chembe ya uchafu ilikuwa imekaa chini ya ile sindano ndogo inayoinuliwa na boya ili kuzuia petroli bakuli likijaa. Isipofunga vyema, petroli hufurika mpaka ndani ya injini. Ndiyo khabari ya ile plagi ya nne.

Kuhusu jeti, tunaomba kwa msisitizo: zisichokolewe kwa waya wa chuma wala sindano ya kushonea. Kitundu cha jeti hupimwa kwa sehemu za milimita, na shaba ni laini. Ukikikwaruza kimepanuka, na petroli itazidi milele. Zitoshwe kwa petroli safi na kupulizwa kwa pampu. Zikikataa, uzi mmoja wa nailoni watosha.

Hapo tukafika kwenye kabureta yenyewe. Ndani yake mna sindano ndefu inayopanda na kushuka unapozungusha mkono wa mafuta, nayo ina vidaraja juu na kishikizo. Mkono ukifunguliwa kidogo, jeti ndogo ndiyo itawalayo. Ukifika katikati, sindano. Ukifunguliwa wote, jeti kuu. Tukakipandisha kishikizo daraja moja, ndipo sindano ikashuka na petroli ya katikati ikapungua. Jeti kuu tukaibadilisha kwa yenye namba ndogo zaidi kwa hatua moja. Tulimwacha kijana ashike bisibisi mwenyewe, na kila badiliko tukalijaribu peke yake, kwa sababu mwenye kubadilisha matatu kwa pamoja hajui ni lipi lililomponya.

Fundi mmoja alikuwa amewashauri wanunue plagi ya joto zaidi, isiyoshika masizi upesi. Shauri hilo laweza kuficha ugonjwa, halafu likaleta khasara siku injini itakapopata hewa nyingi. Tena namba za plagi huwapoteza wengi: kwa NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, na kwa Champion na Bosch ni kinyume chake. Sisi tulitia plagi ile ile iliyoandikwa na watengenezaji, tukapima nafasi ya ncha yake kama kilivyoagiza kitabu cha pikipiki.

Kabla ya kuitia tuliitazama cheche. Plagi hushikizwa kwenye chuma cha injini, mbali na tundu la silinda, ndipo kiki ipigwe. Mvuke wa petroli unaotoka tunduni waweza kushika moto usoni mwa mtu. Sigara na jiko viwe mbali. Cheche ilikuwa ya buluu na yenye nguvu, basi koili na waya vikaepukana na lawama.

Siku ya Ijumaa baada ya sala tukaenda uwanjani, kijana akiwa na helmeti na viatu vya kufunika kifundo. Hawasha injini akatembea tu. Aliipasha moto kwanza, akakimbia kwa mafuta yote mwendo mrefu, akaizima papo hapo bila kuirudisha kwenye mwendo wa chini, akaisukuma mpaka tulipo. Plagi husomwa hivyo. Ukiiacha injini ingurume chini kwa dakika chache, wasoma khabari za kungoja, si za safari. Baba yake ndiye aliyeifungua. Kauri ilikuwa ya hudhurungi. Aliigeuza mara mbili mbele ya jua, akamrudishia mwanawe, hakusema kitu, nasi hatukumtaka aseme. Jioni ile mnyororo haukufungwa.

Ile jeti ya zamani haikutupwa. Kijana aliifunga katika kitambaa, akaandika juu yake "Tanga", kwa kuwa tulikuwa tumemwonya kwamba akishuka pwani na jeti ya milimani, hewa itazidi na plagi itatoka nyeupe. Shule zilipofungwa, mzee alikuwa akiifunga pikipiki kwa kamba juu ya gari, imesimama safari hii na koki imefungwa. Akamwuliza kama jeti imekwisha kurudishwa pamoja na daraja la sindano.

"Jana, baba."

Mzee akakaza kamba, wala hakufungua kabureta kutazama.