Kura za Murusagamba

Gulio la Murusagamba huchangamka mapema. Maharage yamemwagwa juu ya maturubai, mihogo mikavu imejaa kwenye viroba, na bei zinapandishwa na kushushwa kwa Kishubi, Kihangaza na Kirundi bila mtu kuhitaji mkalimani. Mama mmoja alikuwa akipima maharage kwa debe. Akajaza mpaka juu, akasawazisha kwa kipande cha ubao, na mteja wake akamwomba aongeze kidogo. Akaongeza konzi moja. Nilipomuuliza Burundi iko upande gani, alinyoosha mkono bila kuinua kichwa.

Kata hii iko kusini mwa wilaya ya Ngara mkoani Kagera, wilaya iliyotokana na Bugufi ya Wahangaza na Bushubi ya Washubi. Yote ni jimbo moja la ubunge. Sensa ya 2012 ilihesabu humo watu 320,056, na mbunge wao ni mmoja, kuanzia daraja la Rusumo mpakani na Rwanda hadi vilima hivi vya kusini.

Kivuli cha duka kilinikutanisha na mzee aliyekuwa akisubiri bodaboda. Nikamwamkia shikamoo, akanikaribisha benchi. Nilipotaja uchaguzi alicheka kwa furaha: "Mwanangu, sisi tumepiga kura ya jembe na nyumba." Enzi za chama kimoja, kuanzia 1965, wagombea wawili wa ubunge walipewa alama hizo, mmoja jembe, mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma amchague amtakaye. Yeye anasema kila mgombea alitamani jembe. Katika nchi ya wakulima ningelitamani na mimi.

Majirani wa Ngara walioko Biharamulo wana historia ya kura yenye misukosuko zaidi. Biharamulo Mashariki, alikochaguliwa John Magufuli mwaka 1995, ilikuja kuwa wilaya ya Chato, na 2012 ikahamia mkoa mpya wa Geita. Biharamulo Magharibi ilibaki Kagera, na wapiga kura wake hawatabiriki. Mwaka 2005 walimchagua Phares Kabuye wa TLP, mbunge pekee wa jimbo aliyepatikana na chama hicho nchi nzima. Uchaguzi mdogo wa 2009 ukampa Oscar Mukasa wa CCM. Mwaka mmoja baadaye wakamchukua Anthony Mbassa wa Chadema, na 2015 wakamrudisha Mukasa. Nawaheshimu kwa hilo: mbunge wao anajua kwamba kiti kina miguu.

Murusagamba mpaka una uzito mwingine. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipita Kagera ikiwasaka wahamiaji wasio na vibali. Katika kata ambayo watu wameoleana na kuzikana na Warundi kwa vizazi, swali la nani ni raia haliishii kwenye karatasi. Barazani walinieleza kwamba anayetaka kuandikishwa kupiga kura huweza kuulizwa babu yake alizikwa wapi, na mwenye lafudhi ya ng'ambo hujibu maswali mengi kuliko jirani yake. Uangalifu unahitajika mpakani, lakini bibi aliyelima hapa tangu utotoni hapaswi kurudishwa nyumbani bila kitambulisho kwa sababu ya lafudhi.

Ibara ya 75 ya Katiba inaitaka Tume ya Uchaguzi ichunguze mipaka ya majimbo angalau kila baada ya miaka kumi, ikizingatia pia mawasiliano na jiografia, si idadi ya watu peke yake. Mwaka 2025 majimbo manane yaliongezwa, yakafika 272. Chato ikagawanywa kuwa majimbo mawili, Ngara ikabaki jimbo moja. Wakati mwingine wajumbe wakikaa na ramani, waje huku msimu wa mvua kwa barabara ya Rulenge, washuke kila pikipiki inapokwama kwenye udongo mwekundu, kisha waamue kama mbunge mmoja anatosha.