Kielezi na Kiti Chake

Mshairi wa Kiswahili hukizoea kielezi kama msafiri asiye na mizigo: penye nafasi hukaa. Tukisema “polepole alikunywa kahawa”, “alikunywa polepole kahawa”, au “alikunywa kahawa polepole”, msikilizaji haoni kosa. Vina na mizani ndivyo vitakavyoamua. Uhuru huo ni urithi wetu wa kale.

Kiingereza ni nyumba yenye desturi nyingine. Humo kitenzi na yambwa yake hukaa bega kwa bega, wala kielezi hakiruhusiwi kupenya katikati yao. Huandikwa “she drank the coffee slowly”, au “slowly she drank the coffee”; bali “she drank slowly the coffee” hukwaruza sikio la mwenye lugha. Neno “always” nalo hutangulia kitenzi cha kawaida, “she always waits”; hufuata kitenzi cha kuwa, “she is always late”; na likikuta kitenzi kisaidizi huingia baada yake, “she has always waited”. Haya mtu huyapata kwa kusoma sana na kusikiliza zaidi. Ndivyo nilivyoyapata mimi, nisiyekuwa na mwalimu.

Linalobaki gumu ni “only”. Sisi tuna “tu”, neno lenye adabu: hufuata nyuma ya kile linachokiwekea mpaka. “Nawaombea tu”: sina jingine niwezalo kuwatendea. “Nawaombea ninyi tu”: hakuna wengine. Lakini “only” hupenda kuketi kabla ya kitenzi, hata pale linapomlenga mtu aliye mwisho wa sentensi. Robert Lowth, aliyekuja kuwa Askofu wa London, alifundisha katika sarufi yake ya mwaka 1762 kwamba kielezi kikae karibu na neno kinaloliathiri. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926, aliwatetea wafuatao mazoea, madhali maana haipotei.

Ugomvi huo wa wanazuoni ulinifikia mezani pale bibi mmoja wa mtaani kwetu aliponitaka nimfasirie shairi alilowatungia wajukuu wake walioko Uingereza, ambao Kiswahili kimewapita. Ubeti wa mwisho ulikuwa na maneno hayo: nawaombea ninyi tu. “I only pray for you” ingetosha mdomoni, kwa kuwa msemaji huweka mkazo panapostahili. Karatasi haina sauti. Mjukuu angeweza kusoma kwamba bibi yake hana analowafanyia ila kuomba, kama mtu aliyechoka, au anayelaumu. Naye bibi alikusudia kuwapa dua yake yote, asibakishe.

Nikaandika “I pray for you alone”. Neno “alone”, likitumika hivyo, hukaa nyuma ya lile linaloliwekea mpaka, sawasawa na “tu” letu. Wingi wa “ninyi” ulipotea, maana “you” ni ya mmoja na ya wengi; lakini shairi zima liliwataja wajukuu, na hasara hiyo ilivumilika.

Uhuru wa mshairi haumfuati mfasiri hadi ng’ambo. Kabla ya kuhesabu silabi, na akiulize kielezi: unamlinda nani hapa? Akishajibiwa, akipe kiti karibu na huyo, hata kama mizani italalamika.