Akiba ya Mwenye Seva

Msomaji wangu, bila shaka umepata kuona nyumba ya kupangisha yenye vyumba vingi chini ya paa moja. Kila mpangaji ana mlango wake na ufunguo wake, na mmoja akiunguza chakula chake, jirani halali njaa. Ndivyo ilivyo kompyuta moja inapogawanywa na programu maalumu kuwa kompyuta nyingi. Hizo huitwa kompyuta pepe, kwa kuwa hazishikiki kwa mkono. Lakini kila moja hufanya kazi kama iliyo kamili, na moja ikiharibika nyingine huendelea na shughuli zake. Fikira hii si ya jana: kampuni ya IBM ya Marekani iliitumia katika mashine zake kubwa tangu miaka ya 1960.

Mwaka 2022 nilinunua kompyuta kuukuu, nikaifanya seva ya nyumbani. Nilichagua programu iitwayo Proxmox VE, ambayo huundwa mjini Vienna, Austria, na ambayo mtu aweza kuitumia bila malipo. Kuisakinisha hakukuwa kugumu. Niliiweka katika flashi, nikaruhusu kichakataji cha kompyuta kizalishe kompyuta pepe, nikajibu maswali machache juu ya diski, nywila na anwani ya mtandao. Baada ya hapo sikuhitaji tena kukaa mbele ya seva. Niliitawala kwa kivinjari nikiwa chumba kingine.

Nilizalisha kompyuta pepe tatu. Ya kwanza ilikuwa ya majaribio ya wanafunzi wangu. Ya pili ilitunza hati za kazi. Ya tatu ilitunza sauti ya marehemu baba yangu, ambaye mwaka mmoja kabla ya kufariki alinisimulia habari za utoto wake nami nikamrekodi kwa simu. Nilipokwisha kuzihamishia rekodi hizo katika seva, nilizifuta katika simu ili nipate nafasi.

Sasa, programu ni kama paa la makuti: lisipotengenezwa kwa wakati wake, mvua hupata pa kupenya. Toleo la 7 la programu yangu lilisimama juu ya mfumo wa Debian 11. Toleo la 8, lililotoka Juni 2023, lilisimama juu ya Debian 12, na msaada wa lile la 7 ulikoma Julai 2024. Kwa hiyo katika likizo ya Agosti mwaka huo niliketi kusasisha seva yangu. Waundaji walikuwa wametoa maelezo marefu. Walisema: fanya nakala za akiba kwanza, endesha programu ya ukaguzi, tena jihadhari, kwani jina la kadi ya mtandao laweza kubadilika. Mimi nilisoma amri tu, nikayaruka maonyo, kama mtahiniwa arukaye maagizo ili ayawahi maswali.

Seva ilizima, ikawaka, isionekane tena katika mtandao. Nilijaribu tangu jioni hadi usiku wa manane bila kufaulu. Sikuwaza hati wala majaribio ya wanafunzi. Niliwaza sauti moja tu, ambayo haingeweza kurekodiwa tena. Hapo nilitambua kwamba kitu kilichohifadhiwa mahali pamoja tu hakijahifadhiwa.

Asubuhi niliichomekea seva kioo na kibodi, nikaisoma hali yake. Kiini kipya cha mfumo kilikuwa kimeipa kadi ya mtandao jina jipya, na faili ya mipangilio ilikuwa bado ikiita lile la zamani. Nilisahihisha neno moja, nikaiwasha upya, kompyuta pepe zote tatu zikarudi. Nilifungua rekodi ya kwanza, nikamsikia baba akikohoa kidogo, kama ilivyokuwa desturi yake kabla ya kuanza kisa.

Toleo la 9 lilipotoka Agosti 2025, sikulikimbilia. Nilifanya nakala za kompyuta pepe zote katika diski ya nje, kwa maana nakala iliyo katika diski ileile hufa pamoja na mwenzake. Nakala nyingine ya zile rekodi niliipeleka kwa dada yangu. Kisha nilirejesha nakala moja ili nihakikishe kuwa ni nzima, nikaendesha ukaguzi, nikasoma maonyo yote. Kazi iliyonitia hofu usiku kucha mara ya kwanza ilikwisha mara hii kabla ya chakula cha mchana.

Msomaji wangu, huenda hutakuwa na seva maishani mwako, lakini simu unayo, na ndani yake mna kitu ambacho hakinunuliki dukani. Wazee walisema akiba haiozi. Kiwekee akiba leo, kingali kizima.