Kinga, Vilima na Ngazi ya Ukuta

Mwezi huu tutembee pamoja kwa kinga. Si kwa njia ya Likasi ao ya Kambove, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jasho letu wenyewe. Twende mbali kidogo, katika parke moja yenye vilima, kandokando ya mji wa London, kule Uingereza.

Mwaka 2023, mwezi wa sita, ndugu wa kwetu Katanga wanaoishi huko walinialika niwatembelee. Nililala kwa familia moja karibu na Kingston. Siku ya posho asubuhi, kijana wa nyumba akanitolea kinga mbili nje.

– Papa Pasta, unajua kupanda kinga?

– Mwanangu, mbele haujazaliwa, miye nilikuwa nasukuma makala kwa kinga.

Akacheka. Baadaye kidogo ni yeye alikuwa na haki ya kucheka.

Parke hiyo inaitwa Richmond Park. Ni pori kubwa ndani ya mji: hekta 955 za majani, miti mizee na mabwawa. Wanyama wenye pembe kama matawi, jamii ya mbawala, wanazidi 600 humo, nao wanatembea huru. Ukiwaona njiani, unangoja wapite. Sheria inaomba mtu akae mbali nao hatua kama 50. Kuzunguka parke yote kuna ukuta wa matofali. Huo ukuta uweke moyoni, tutaurudilia.

Barabara ya lami inayozunguka ndani ina urefu wa kilometa kama 11. Tuliingia kwa mlango wa Kingston, na palepale kilima kikatupokea, kinaitwa Dark Hill. Njia inapanda katikati ya miti. Wazungu wazee kunipita umri walinipita mbio wakisema « Good morning », nami pumzi ya kujibu sikuwa nayo. Nilishuka, nikasukuma. Kijana hakusema neno, lakini niliona mabega yake yanatikisika.

Huko juu njia inanyooka. Karibu na nyumba iitwayo Pembroke Lodge kuna kichuguu kinachoitwa King Henry's Mound. Tuliegemeza kinga, tukapanda kwa miguu. Pale wameacha tundu katikati ya miti. Ukichungulia unaona kanisa kubwa la St Paul's, lililo katikati ya London, mbali kilometa kama 16. Sheria inakataza kujenga nyumba ndefu ya kuziba macho ya mtu aliyesimama pale. Nilikaa kimya. Watu wamelinda hata njia ya macho!

Toka mlango wa Richmond tulishuka Sawyer's Hill. Wapenzi vijana, huo ndio mshahara wa kupanda! Upepo masikioni, majani pande zote mbili, na mbele yako nyumba ndefu za London. Lakini shika freni: mnyama anaweza kukata njia bila kupiga hodi. Tena, katika parke ile motokari hairuhusiwi kupita mwendo wa kilometa 32 kwa saa.

Chini, kwa mlango wa Roehampton, mtu asiye na kinga anaweza kukodi, na kahawa inauzwa. Toka hapo njia ni tambarare, inafuata kijito Beverley Brook mpaka mlango wa Robin Hood. Kisha inakuja Broomfield Hill, kilima kikali kuliko vyote. Kama mnataka mteremko pale, zungukeni kwa upande mwingine. Lakini basi Sawyer's Hill itawangoja kwa kupanda. Hakuna anayekwepa vilima vyote. Familia zenye watoto wadogo zinafuata njia nyingine ya changarawe, Tamsin Trail, inayozunguka pia parke yote, mbali na wenye mbio.

Wenye nguvu hawaishii hapo. Wanatoka parkeni, wanaenda kusini mpaka Box Hill, kilima cha Surrey chenye njia ya kupindapinda kama nyoka. Mwaka 2012, wakati wa michezo ya Olimpiki, mashindano ya kinga yalipita ndani ya Richmond Park yakaenda mpaka kule. Wanaume walizunguka Box Hill mara 9, wanawake mara 2. Vinokourov wa Kazakhstan alishinda kwa wanaume, Marianne Vos wa Uholanzi kwa wanawake. Kijana aliniuliza kama tufike huko. Miguu yangu ilijibu mbele ya kinywa.

Tulipomaliza Broomfield Hill tukapumzika. Kijana akanionyesha upande wa ukuta: « Kule kuna mlango unaitwa Ladderstile Gate. Maana yake ni mlango wa ngazi ya kuvukia ukuta. » Nikauliza, mlango na ngazi vinaelekeana namna gani? Ndipo akanipa habari iliyonifanya niandike ukurasa huu.

Ukuta ule ulijengwa na mfalme Charles wa Kwanza, mwaka 1637, ili awinde wanyama wake. Alizungushia mashamba na njia za watu, nao walinung'unika sana. Walau aliwaachia haki ya kupita. Lakini mwaka 1751 binti wa mfalme mwingine, Princess Amelia, akapewa ulinzi wa parke. Akafunga milango; wakaingia rafiki zake na watu wachache wenye ruhusa.

Wakubwa wengine walijaribu kushitaki, wakashindwa. Kisha akasimama mtu mmoja wa Richmond, John Lewis. Msishangae: hakuwa mchungaji wala mzee wa kanisa. Alikuwa mpika pombe! Alienda mlangoni, akakataliwa, akapeleka neno mbele ya sheria. Mwaka 1758, kule Kingston, alishinda. Njia ya miguu ilirudishwa kwa watu.

Sasa sikieni hekima yake. Mwamuzi alimwuliza: unataka mlango ao ngazi ya kupanda ukuta? Lewis akachagua ngazi. Alifikiri kwamba mlango una kufuli, na siku moja watu watausahau umefungwa. Ngazi haifungwi. Na walipoweka vidaraja vya ngazi mbalimbali mno, alirudi tena kulalamika. Mwamuzi akaamuru vikaribishwe, hata bibi kizee aweze kupanda.

Kijana alikuwa anasimulia kwa furaha, mimi nikawa natazama chini. Wapenzi, niwaambie kwa nini.

Katika kartie ninakohudumu, kompani moja ilijenga ukuta mwaka 2019. Ulikata njia yetu ya siku zote, ile ya kinga za makala, ya watoto wa masomo, ya wamama wanaoenda dispanseri. Tangu siku ile wanazunguka karibu saa nzima. Wazee wa kartie walikuja kwangu: « Papa Pasta, twende wote tukaseme. » Niliwajibu kwamba kazi yangu ni ya kiroho. Hiyo haikuwa sababu ya kweli. Kompani ilikuwa imeahidi mabati kwa kanisa letu, nami niliogopa kuyakosa. Mabati yalikuja. Kila mvua ikinyesha, ninayasikia.

Niliporudi nyumbani nilisimama mbele ya wazee, nikaomba msamaha. Nikawaambia: sasa twende. Tulienda watu saba na barua. Mkubwa wa pale alitupokea vizuri, na baada ya miezi akakubali kutoboa mlango mdogo katika ukuta, wenye sentineli, utafunguliwa asubuhi na kufungwa saa kumi na moja ya jioni. Wengi wetu tulianza kupiga makofi. Mama mmoja mzee, aliyezalisha nusu ya kartie, akainua mkono:

– Na mwanamke akishikwa na uchungu wa kuzaa usiku, huyo sentineli atakuwa wapi?

Nilimkumbuka John Lewis. Yule mama hajawahi kusikia jina lake, lakini alijua kutofautisha mlango na ngazi.

Neno halijaisha. Mlango umefunguliwa, na watoto wa masomo wanapita. Usiku bado umefungwa. Sisi tunaendelea kuomba njia isiyo na kufuli, kwa heshima, bila matusi na bila kutupa mawe.

Vijana, mkipata kinga, tembeeni, jueni vilima vya kwenu na mahali kila njia inapofika. Mtu asiyeijua njia yake hatatambua siku itakapokatwa. Sisi wazee wa kartie tunarudi kwa kompani mwezi ujao. Safari hii nitaenda kwa kinga, na kilima cha mwisho nitasukuma.